Mirambo, njia ya Ujiji na hesabu ya mitandao isiyokatika

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya misafara itokayo Tabora kwenda Ujiji. Waarabu wa Unyanyembe walimpiga vita wasimshinde, na Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, akalazimika kuzunguka mbali upande wa kusini ndipo afike Ujiji. Mirambo hakuhitaji askari kila mahali. Ilitosha kuukalia uzi mmoja.

Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina udhaifu uleule. Ikikatika kati ya Tabora na Urambo, Kigoma na Mpanda zote hupoteza reli ya kwenda Dar es Salaam.

Wanahisabati wana kipimo cha udhaifu huo. Tenga vituo vyovyote visivyozidi nusu ya mtandao, hesabu njia zinazotoka humo kwenda nje, kisha gawanya kwa idadi ya vituo ulivyotenga. Katika mstari wa vituo 1,000, nusu yake ina njia moja tu ya kutokea: 1 kwa 500. Mitandao huitwa mipanuzi iwapo uwiano huo haushuki chini ya kiwango fulani hata vituo vikifika mamilioni, ingawa kila kituo kina njia chache tu.

Kuijenga si kazi rahisi. Mwaka 1973 Grigory Margulis alionyesha namna, akitumia sifa iliyogunduliwa na David Kazhdan mwaka 1967. Siri imo katika mabaki ya kugawanya. Kwenye saa ya tarakimu 12, namba 12 hugeuka sifuri, haionekani; kwenye saa ya tarakimu 5 huonekana kama 2. Kila namba nzima isiyo sifuri huonekana kwenye saa fulani. Makundi ya hesabu yenye tabia hiyo ni mengi, lakini si yote yafaayo: saa za namba za kawaida ni miduara, nao mduara hukatwa kwa mapanga mawili. Matriki za 3 kwa 3, za namba nzima na determinanti 1, zikizidishwa kwa saa zinazozidi kukua, hutoa mitandao isiyo na shingo nyembamba.

Mitandao hiyo ina ukaidi mwingine. Hakuna ramani ya kawaida, hata yenye vipimo visivyo na ukomo, iwezayo kuibeba yote bila kuvuruga umbali, hata kwa mtazamaji aliye mbali anayeridhika na makadirio. Njia ya Tabora hadi Ujiji, kwa upande wake, hutosha kwenye mstari mmoja.