Amri za kompyuta zilizopigwa X

Wanaoishi kando ya barabara kuu wanaijua alama ya X nyekundu ukutani. Nyumba bado imesimama, duka la mbele linauza, lakini hakuna anayethubutu kuongeza chumba. Lugha za programu nazo hupiga X: amri inaendelea kufanya kazi, ila anayeitumia huonywa kwamba haifai tena na huenda ikaondolewa. Fundi ahame sasa, au angoje tingatinga?

Kwa Java, angeweza kungoja hadi azeeke. Tangu 1997 watu wanaonywa wasitumie getYear, amri ya kuuliza mwaka ambayo hujibu ikiwa imeshatoa 1900. Mwaka 2024 yenyewe huuita 124. Kioja hicho kipo hadi leo. Onyo lisilo na tarehe huzoeleka, ndiyo maana toleo la 9, la mwaka 2017, lilileta alama ya pili kwa vile vitakavyoondolewa kweli.

PHP haikuwa na subira hiyo. Mysql_query na ndugu zake, amri ambazo wanafunzi wengi walianza nazo kuzungumza na hifadhidata, ziliwekewa onyo Juni 2013 katika toleo la 5.5. Desemba 2015 toleo la 7 likatoka bila hizo, na tovuti iliyozitegemea ikihamishiwa huko inagoma papo hapo. Waliobaki na toleo la 5.6 waliendelea kupata viraka vya usalama hadi mwisho wa 2018, basi.

Lakini PHP ilikuwa na haki. Amri zile zilichanganya swali la fundi na maneno anayojaza mgeni kwenye fomu. Fundi akisahau kuyasafisha mahali pamoja tu, mwizi anaandika amri yake kwenye kisanduku cha jina, na hifadhidata inatii. Njia salama zaidi zilikuwepo tangu 2004.

Kwa hiyo mimi huanza na sababu ya onyo, kisha tarehe. getYear ya programu kuukuu, ambayo mteja hataki kulipia marekebisho, iacheni ilivyo. Iliyokatazwa kwa sababu ya usalama ing'olewe, hata kama bosi anauliza, "Si inafanya kazi?" Na kazi mpya isijengwe juu ya yoyote kati ya hizo. Tatizo ni kwamba seva nyingi huzima maonyo ili wageni wasiyaone. Yaelekezwe kwenye faili la kumbukumbu, na mtu alisome kabla ya kupandisha toleo.