Kushea, Kuchangia na Kugawana katika Nyumba za Wapangaji

Kitenzi kushea, kilichotoka katika Kiingereza, kimezoeleka jijini Dar es Salaam, Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni, na vilevile Tandika na Mbagala upande wa Temeke, kiasi kwamba wasemaji hukinyambua kama kitenzi chochote cha Kibantu: tunashea, hatushei, tulishea. Wepesi huo unatokana na matamshi ya Uingereza, ambamo neno share huishia kwa sauti iliyo karibu na irabu a, ambayo ndiyo kiishio cha vitenzi vingi vya Kiswahili.

Kiswahili hakikuwa na upungufu hapo. Kugawana hutaka kitu kikatwe mafungu na kila mtu achukue lake, kama nyama au urithi. Kula bia ni kula kwa kuchanga gharama (bia hii ni ushirika, jamaa ya neno ubia, wala si kinywaji). Na kuchangia, ambako kwa asili ni kutoa sehemu kwa jambo la wote kama harusi au msiba, kumepata maana ya pili ya watu wengi kutumia kitu kimoja, ndiyo sababu wahudumu wa afya huonya dhidi ya kuchangia sindano na nyembe. Kushea kumezibeba maana hizi zote, na katika simu kumeongeza nyingine, kwa kuwa anayeshea video hubaki nayo nzima.

Upana huo una gharama yake katika nyumba ya Kiswahili, yaani ile yenye korido katikati, vyumba vya wapangaji pande mbili, na choo, bafu na jiko uani. Dalali anaposema kwamba chumba kina choo na luku ya kushea, amefunika mambo mawili kwa kitenzi kimoja. Choo huchangiwa, kwani anayetoka humwachia anayesubiri. Lakini umeme wa LUKU, mfumo wa TANESCO wa kulipa kadiri utumiavyo, hugawanwa, kwa kuwa yuniti iliyoliwa na friji ya chumba kimoja haiwezi tena kuwasha taa ya kingine. Ndipo wapangaji wanapolazimika kupanga mwenye friji atoe zaidi ya mwenye taa na feni, au mwenye nyumba afunge mita ndogo kila chumba, na mpangaji mzoefu hulimaliza suala hilo kabla hajalipa kodi.