Nyumba za matofali Uingereza: Saruji inapogeuka hasara

MKULIMA wa Uingereza anayerithi nyumba ya shambani iliyojengwa kwa matofali miaka 200 au 300 iliyopita, hurithi mali pamoja na mzigo wa matengenezo. Akikosea kuchagua kitu cha kuzibia viungio, anaweza kuharibu ukuta uliostahimili mvua na baridi kwa vizazi kadhaa.

Nyumba hizo ni nyingi katika maeneo ya mashariki kama Norfolk na Suffolk, ambako mawe mazuri ya kujengea ni adimu lakini udongo wa mfinyanzi unapatikana. Kabla ya reli, kusafirisha matofali kwa mkokoteni kulikuwa ghali, hivyo mara nyingi udongo ulichimbwa jirani na eneo la ujenzi. Matofali mabichi yalikaushwa, yakapangwa pamoja na kuni au makaa ya mawe na kuchomwa, kwa utaratibu usio mgeni kwa wafyatuaji wa vijijini Tanzania. Yaliyopata moto mkali yaliiva sana, mengine yakabaki laini.

Kodi nayo iliacha alama. Mwaka 1784 serikali ilianza kutoza shilingi 2 na peni 6 kwa kila matofali 1,000. Kwa kuwa kilichohesabiwa ni idadi, baadhi ya wafyatuaji waliongeza ukubwa wa tofali ili walipe kidogo. Mwaka 1803 serikali iliziba mwanya huo kwa kutoza mara mbili kwa matofali makubwa. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1850.

Uimara wa kuta hizo unategemea chokaa. Maji ya mvua yanayopenya hutoka tena kupitia viungio vya chokaa na mchanga, ambavyo ni laini kuliko tofali. Kinacholika kwanza ni kiungio, na hicho hukwanguliwa na kujazwa upya.

Saruji ya Portland, ambayo Joseph Aspdin aliipatia hataza mwaka 1824, ilienea sana katika matengenezo ya karne ya 20. Ni ngumu na haipitishi unyevu kwa urahisi, hivyo maji hubaki ndani ya tofali. Wakati wa baridi kali maji hayo huganda, hutanuka, na uso wa tofali hubanduka.

Kazi ya chokaa huchukua muda zaidi kukauka na huhitaji fundi anayeijua, hivyo gharama ya mwanzo huwa kubwa. Lakini tofali likiharibika, mwenye nyumba hulazimika kutafuta jingine la ukubwa na rangi ileile. Kama nyumba imeorodheshwa kuwa ya kihistoria, kubadili sifa zake bila kibali ni kosa la jinai.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba hizi, hata anayeziba ufa hujenga ukuta, iwapo ameziba kwa kitu kigumu kuliko tofali lenyewe.