Kuku wenye Ndevu: Namna ya Kuwachagua na Kuwazalisha kwa Maonyesho

Maonyesho ya kilimo yakaribiapo, wakulima wengi huuliza swali hili: "Kuku wangu ana ndevu, na mashavu yake yamejaa manyoya. Je, yafaa nimpeleke kwenye maonyesho?" Waweza kumpeleka, ndugu mkulima, lakini ndevu peke yake hazimpatii kuku zawadi, wala hazikupatii wewe mbegu. Kuku wa mbegu ni yule anayezaa mfano wake mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka wa tatu. Hapa tutaeleza jinsi ya kumpata kuku wa namna hiyo, na tutachukua mfano wa kuku wadogo wa Ubelgiji, ambao wanajulikana katika nchi nyingi kwa ndevu zao.

Kuku wadogo kwa jumla huitwa bantamu. Jina hili latokana na Banten, bandari ya kisiwa cha Java. Wabelgiji wanazo aina kadhaa za bantamu wenye ndevu. Aina ya zamani ni ya mji wa Antwerp, nayo huitwa Barbu d'Anvers. Neno barbu ni la Kifaransa, maana yake mwenye ndevu. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, Bwana Van Gelder wa Uccle, karibu na Brussels, akatokeza aina nyingine, ikaitwa Barbu d'Uccle. Hudhaniwa kwamba aliwapandisha kuku wa Antwerp pamoja na kuku wadogo wa Uholanzi wenye manyoya miguuni. Ukimtazama kuku wa Uccle waona urithi wa pande zote mbili: ndevu za huku na viatu vya manyoya vya huko.

Kuku wetu wa kienyeji hapa Kenya nao si wa namna moja. Wamo wenye ndevu, wenye shingo tupu, wenye manyoya yaliyojipinda, wenye manyoya miguuni, na wale wafupi sana, na watafiti wa kuku wameandika habari zao. Lakini kwa kuwa jogoo yeyote hupanda mtetea yeyote, ndevu huonekana mwaka huu na mwaka ujao hazipo. Mfugaji wa maonyesho ana vitu viwili ambavyo nyua nyingi hazina, navyo ni kizimba na daftari.

Mwamuzi wa maonyesho hamtazami kuku kwa kumpenda au kumchukia. Anacho kitabu cha vipimo, na kila aina imeandikiwa jinsi inavyotakiwa kuwa. Kitabu cha kwanza cha namna hiyo kilichapwa Uingereza mwaka 1865, na Wamarekani wakatoa chao mwaka 1874. Kuku wa Uccle hutakiwa awe na mwili mdogo, jogoo asifike kilo moja na mtetea awe mwepesi kuliko jogoo. Kifua kiwe kipana, mgongo mfupi na miguu mifupi. Upanga wa kichwani uwe mmoja, umesimama wima wenye meno. Ule mpana uliolala kichwani ni wa ndugu yake wa Antwerp. Ndevu ziwe sehemu tatu, moja kidevuni na mbili mashavuni, zimejaa hata zile nyama nyekundu za chini ya mdomo zisionekane sana. Miguu iwe na manyoya mpaka kwenye vidole, na gotini pawe na manyoya magumu yanayoelekea nyuma.

Rangi ni nyingi, lakini iliyo maarufu kupita zote huitwa mille fleurs, yaani maua elfu. Unyoya ni wa rangi ya chungwa lililoiva, karibu na mwisho wake pana doa jeusi, na kwenye ncha pana doa jeupe. Kuku huyu hupata weupe zaidi kila abadilipo manyoya. Kwa hiyo usimchinje kijana mwenye madoa machache kwa haraka, wala usimnunue kwa bei kubwa kijana aliyejaa weupe tayari, kwa maana mwaka wa tatu huenda akawa kama aliyemwagiwa unga.

Sasa tuje kwenye ndevu zenyewe, kwa maana hapa ndipo fedha za watu hupotea.

Kila kifaranga hupata urithi wa uso wake kwa baba na kwa mama. Akipata urithi wa ndevu kwa wazazi wote wawili, ndevu zake ni kamili. Akiupata kwa mzazi mmoja tu, atakuwa na ndevu vilevile, ila mara nyingi si nyingi. Asipoupata kwa yeyote, uso wake ni mtupu. Basi muuzaji aweza kukuletea jogoo mwenye ndevu, ukamlipa bei ya jogoo kamili, kumbe umenunua nusu. Mpandishe na mitetea yenye uso mtupu, na karibu nusu ya vifaranga watazaliwa bila ndevu. Ukiwapandisha wenye urithi wa nusu wao kwa wao, katika vifaranga 16 tazamia 4 wenye ndevu kamili, 8 wa nusu, na 4 wenye uso mtupu. Hesabu hii haitatokea sawasawa kila mara kuku aanguapo, kama vile mama mmoja aweza kuzaa wasichana watano mfululizo na jirani yake akazaa wavulana. Uzae wengi, ndipo utakapoiona.

Kuna njia ya kumjaribu jogoo, nayo haina gharama. Mpandishe na mitetea yenye uso mtupu, kisha uwatazame vifaranga wanapokauka. Kifaranga mwenye ndevu hujulikana siku ile ile, maana mashavu yake yamevimba kwa manyoya laini. Akitokea hata mmoja mwenye uso mtupu, jogoo wako ni nusu, na hakuna haja ya kubishana. Wakitokea 8 na wote wana ndevu, waweza kumwamini, kwa sababu jogoo wa nusu angefanya hivyo kwa bahati mara 1 tu katika 256. Jaribio hili lafaa kwa jogoo wa kienyeji pia. Mwambie muuzaji kwamba utamjaribu jogoo kabla ya kumaliza malipo. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Ukiwa na jogoo kamili na mitetea kamili, ndevu hazitapotea tena katika kundi lako. Lakini utakuta ndevu nzuri juu ya kuku mwenye mgongo mrefu, au mguu mmoja una manyoya na mwingine umekaribia kuwa mtupu. Kadhalika ukichanganya aina ya Uccle na ya Antwerp, uzao wa kwanza wote utakuwa na upanga ule uliolala, na upanga wa kusimama utarudi kwa mmoja tu katika wanne wa uzao wa pili. Kuziweka alama zote pamoja katika kuku mmoja ni kazi ya miaka, wala hakuna dawa inayouzwa dukani ya kuifupisha.

Kizimba kwanza. Kwa jogoo mmoja na mitetea mitatu au minne, futi 6 kwa 8 zatosha, na juu pawekwe mabati au waya. Katika skimu shamba la mtu na la jirani hutenganishwa na ua wa kayaba tu, na jogoo wa jirani haombi ruhusa. Usigombane na jirani, funga mlango. Tena ujue kwamba mtetea huhifadhi mbegu ya jogoo mwilini mwake. Ukimtenga leo, mayai ya siku nyingi zijazo yaweza kuwa ya jogoo wa kwanza. Ngoja wiki tatu kamili, mayai ya siku hizo yaliwe nyumbani, ndipo uanze kuweka ya kuatamiwa. Mtu akiruka sharti hili, daftari lake lote ni uongo.

Daftari lenyewe liwe la shule, la bei ndogo. Andika namba ya jogoo, namba ya mtetea, tarehe ya mayai, yameanguliwa mangapi, na vifaranga wangapi wana ndevu. Kuku wakubwa wavalishe pete za rangi miguuni. Kifaranga mtoboe tundu dogo katika ngozi iliyo kati ya vidole siku ya kwanza. Vidole viwili vya kila mguu vyatosha kutofautisha familia kadhaa. Bantamu wenyewe ni walezi wazuri, lakini mwili ni mdogo, usiwape zaidi ya mayai yao 6 au 8. Vifaranga hutoka siku ya 19 hadi ya 21.

Kisha yaja kuchagua, na hapa wafugaji wengi hushindwa, si kwa kutojua bali kwa huruma. Katika vifaranga 20 huenda wakafaa wanne. Wakifika wiki 8 watoe wenye mdomo uliopinda, vidole vilivyopinda, mkia ulioelekea upande mmoja, na wanyonge. Wakifika miezi 5 au 6 tazama umbo, kisha ndevu na miguu, na rangi iwe ya mwisho, kwa kuwa rangi nzuri hudanganya macho. Wasiofaa waende sokoni au jikoni. Usimweke jogoo mwenye kasoro kwa sababu watoto wamempa jina. Tena usipandishe ndugu na dada mwaka hadi mwaka. Ukiona mayai mengi hayaanguliwi na vifaranga wanadhoofika, tafuta jogoo wa nje mwenye alama zile zile, na kabla ya kumpa kundi lote mjaribu kwa mtetea mmoja.

Kuku huyu ana taabu zake ambazo kuku wa kawaida hana. Anywapo katika sufuria, ndevu hulowa, hushika uchafu, na wenzake huzidonoa. Mpe chombo chenye mdomo mwembamba, kiasi cha kuingia mdomo wa kuku tu. Ndevu nyingi humzuia kuona pembeni, naye mwewe anajua hivyo. Miguu yenye manyoya haipendi matope. Wakulima wa Kinangop na Ol Kalou wanajua udongo wao ulivyo wakati wa masika. Tandika maranda ya mbao au mabua makavu ya ngano, uyabadili yakilowa, na fito za kulalia ziwe chini, zisizidi futi 2. Chini ya manyoya ya miguu hujificha vijidudu viletavyo magamba meupe yaliyoinuka. Loweka miguu katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, sugua polepole kwa mswaki laini, kausha, kisha paka mafuta mazito ya kujipaka mara mbili kwa wiki mpaka magamba ya zamani yaanguke. Usitumie mafuta ya taa, yanaunguza ngozi. Tafuta pia mayai ya chawa ndani ya ndevu.

Kuhusu kideri, ambao wengi huuita Newcastle, hatuna maneno mengi: ukiingia bandani waweza kumaliza kazi ya miaka mitano kwa wiki moja. Mwone Bwana Mifugo upate chanjo ya matone ya macho, na uirudie kila miezi mitatu au minne. Chanja pia ndui ya kuku.

Je, kuna faida? Yai la bantamu ni dogo, na hakuna hoteli itakayolinunua kwa bei ya yai la kawaida. Nyama yake haijazi sahani. Kinachouzwa ni mbegu, yaani jogoo na mitetea yenye daftari, na wanunuzi wake si wengi kama wanunuzi wa maziwa. Kwa hiyo fedha iliyotengwa kwa deni la shamba, karo au mbolea isiingie katika kazi hii. Anza na jogoo mmoja na mitetea miwili, ambao kwa pamoja hula kidogo, na shamba liendelee na kazi yake. Mwenye kutaka fedha za haraka aendelee na viazi.

Ukiazimia kwenda kwenye maonyesho ya ASK, uliza miezi kadhaa mbele kama katika orodha ya mashindano pana nafasi ya kuku wadogo, na fomu zafungwa lini. Mzoeshe kuku wako kizimba kidogo kwa wiki mbili, umshike kila siku, asije akajipigapiga mbele ya mwamuzi. Siku tatu kabla ya kwenda, mwoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, ndevu zioshwe mwisho, suuza mara mbili, na umkaushe mahali pasipo upepo. Usimpake rangi wala kumng'oa manyoya yenye kasoro. Waamuzi hulitafuta jambo hilo, na wakiliona kuku hutolewa.

Akirudi nyumbani, hata kama amerudi na zawadi, usimrudishe kwa wenzake siku hiyo. Amekaa karibu na kuku wa sehemu nyingi. Mtenge wiki tatu mbali na banda, awe na chombo chake cha maji, na anayewalisha kuku awalishe kwanza wa nyumbani, yeye awe wa mwisho.