Piano iliyomeguka haiponywi kwa vanishi

PIANO nyeusi inayong'aa kama kioo ni fahari ya kanisa au shule. Hata hivyo, safari ya lori kutoka Nairobi kupitia Kenol hadi Nyeri yaweza kuiacha na pembe iliyomeguka. Hapo ndipo wengi hukosea: humwita fundi wa samani, naye huparuza kwa msasa na kupaka vanishi. Baada ya muda doa hufifia na kubanduka, na hasara huwa maradufu.

Kisa ni kwamba piano nyingi za kisasa hazikupakwa vanishi. Zimevikwa poliesta, aina ya plastiki ambayo humiminwa ikiwa majimaji kisha ikagandishwa kwa kemikali. Ikishaganda, spiriti haiiyeyushi. Vanishi hukaa juu juu tu.

Poliesta si ngeni kwa mafundi wa gereji: fila wanayozibia mabodi ya magari ni ya jamii hiyo hiyo. Lakini fila ya gari ni ya kijivu na haing'ai, hivyo haifai kuonekana kwenye piano.

Fundi stadi huanza kwa kukata kingo zilizolegea mpaka afikie sehemu iliyoshika imara. Kisha huchanganya poliesta nyeusi na kigandishi kwa kipimo cha mtengenezaji. Kigandishi kikizidi, poliesta huweza kupasuka. Kikipungua, hubaki laini. Hujaza shimo hadi lipite usawa kidogo, kwa kuwa poliesta hunywea inapoganda, kisha hufunika kwa karatasi ya plastiki, maana hewa huzuia uso wa poliesta kukauka.

Ikikauka, ziada hukwanguliwa kwa wembe. Hufuata msasa wa maji, kuanzia namba 600, halafu 1000, 1500 na 2000, na mwisho polishi. Mashine ya kung'arisha isikae mahali pamoja, kwani joto huharibu poliesta.

Kazi hii ina hatari. Mvuke wake hudhuru mapafu, nacho kigandishi chaweza kupofusha macho. Fundi avae miwani na barakoa ya kuzuia mvuke, afanyie kazi penye hewa, mbali na moto.

Mkwaruzo mwepesi usiokwama ukucha huhitaji polishi pekee. Kwa pengo kubwa, mwambie fundi ajaribu kwanza mahali pasipoonekana, kabla hujamkabidhi piano nzima.