Fahamu: Lori, theluji na barafu isiyoonekana

Majira ya baridi yakianza Colorado, madereva wapya wa malori, wakiwemo wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, hukutana na barabara kuu ya I-70, inayopanda Milima ya Rocky hadi mita 3,400 hivi kwenye handaki la Eisenhower. Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, malori makubwa lazima yabebe minyororo ya matairi kati ya Dotsero na Morrison, hata jua likiwaka.

Theluji angalau huonekana. Cha kuogopa zaidi ni barafu nyembamba inayofanana na lami iliyolowa. Hutangulia madarajani, kwa kuwa hewa baridi hupita juu na chini. Matairi ya magari yaliyo mbele yakiacha ghafla kurusha maji, shuku barafu.

Mwongozo wa leseni unashauri kupunguza mwendo kwa nusu au zaidi kwenye theluji iliyoshindiliwa. Kwenye barafu, tambaa, kisha usimame mara upatapo mahali salama. Breki ya injini, msaada mkubwa kwenye mteremko mkavu, hapa huweza kukwamisha matairi ya nyuma ya kichwa cha lori, tela likajikunja. Na bosi akipiga simu kuulizia mzigo, asubiri: kanuni za shirikisho zinamtaka dereva asimame hatari ikizidi.