Mfuko Usiokwenda Sokoni

"Kitendawili!"

"Tega!"

Nina mfuko, sokoni hauendi. Ukishashiba, husongolewa mpaka utoe machozi meupe.

Kiangalieni hiki hapa, mpokezane. Kimesukwa kwa ukindu, chembamba, urefu kama shibiri mbili, mdomo wazi, chini kimezibwa. Wewe unasema ni ala ya kisu. Ala gani yenye matundu? Na wewe unasema mtego wa samaki. Samaki gani atakayekaa humo na mdomo uko wazi?

Acheni kubahatisha, kiulizeni chenyewe. Kinuseni: kina harufu ya mafuta. Kitazameni: kwenye misuko kumeganda chembe nyeupe. Sasa kishikeni huku na huku, mkisokote. Mnaona? Misuko imekaa mshazari, kwa hiyo ukisokota kinajibana chenyewe. Na pale kilipochakaa zaidi ndipo mikono ilipokuwa ikishika.

Bado? Basi nipeni mji. Mmenipa Pemba! Nimekwenda Pemba, nimekula wali wa nazi nikashiba, na jibu ni kifumbu cha kukamulia tui.

Nazi hukunwa kwanza kwa mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno. Kifumbu hulowekwa, maana ukindu mkavu hukatika, mbichi hupinda. Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya vuguvugu, ikafikichwa, ikamiminwa ndani. Hapo bibi husongoa, mkono mmoja kulia, mwingine kushoto. Tui hupenya kwenye misuko, machicha hubaki ndani. Tui la kwanza huwa zito, nalo hutengwa. Machicha hutiwa maji tena, likatoka tui jepesi, na hilo ndilo linalotangulia jikoni kuchemshia mboga au mchuzi. Zito huja mwisho, likakorogwa taratibu, kwa sababu likichemka sana hukatika.

Siku hizi kuna chujio la plastiki, kitambaa, hata tui la pakiti. Vyote vinafaa. Lakini chujio halisongoi, linasubiri tu tui lishuke, na machicha yake ukiyabinya kwa vidole bado yana utamu. Kwa kukamua, kifumbu kinalishinda.

Mkikikuta kwa bibi kimetundikwa ukutani, msikitupe. Mwombeni awakamulie nazi moja, nanyi mshike upande mmoja. Mkimaliza kioshwe hapo hapo na kianikwe juani, maana kikilala na machicha huchacha.